Jiwe lililobaki nyumbani: historia ya kunoa visu

Mtu akikimbia vita, kisu anaweza kukifunga ndani ya kitenge na kwenda nacho. Jiwe la kunolea linabaki. Katika vijiji vingi vya Masisi, Rutshuru, Walikale na Kalehe, jiwe hilo si kitu cha kununua. Ni mwamba ulio karibu na mlango wa jiko, au kule mtoni ambako mama zetu wanafulia nguo, na katikati yake umeingia ndani kama sahani kwa sababu babu alinolea pale, na baba yake babu pia. Hakuna anayeweza kuutia mgongoni.

Ndiyo maana kwenye vipindi vyetu vya radio swali hili linarudi, mara kutoka kwa mama anayemenya muhogo wa kuuza, mara kutoka kwa kijana anayelima shamba la kukodi: jiwe gani linafaa? Yale ya sokoni mengine yanavunjika baada ya wiki mbili. Mawe ya Goma yanaharibu kisu. Swali linaonekana dogo. Lakini kisu butu ndicho kinachoteleza na kukata kidole, na kidonda cha kidole mahali ambapo maji ya kunawa ni ya kupanga foleni si jambo la kucheka. Ili kulijibu vizuri afadhali turudi nyuma, nyuma kabisa, kwa sababu katika mambo ya kusugua kitu juu ya jiwe nchi yetu ina historia ndefu kuliko nyingi.

Tuanzie kwetu Kivu ya Kaskazini. Pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950. Alipata vyusa vya mfupa, yaani ncha zenye meno za kuchomea samaki, na ule mfupa maarufu wenye mistari iliyochorwa, ambao wataalamu wanaupa umri wa miaka kama 20,000. Watu wengi wanaujua kwa sababu ya hesabu zinazodhaniwa kuandikwa juu yake. Wachache wanakumbuka kwamba kwenye ncha ya mfupa huo kumechomekwa kipande kidogo cha jiwe la kwatzi, kikali, kama kisu ndani ya mpini wake. Mfupa wenyewe uko Brussels hadi leo.

Si mbali na hapo, Katanda, kando ya Semliki hiyohiyo, Alison Brooks na John Yellen kutoka Marekani walipata vyusa vya mfupa vya zamani zaidi, vya miaka 80,000 hivi au kupita. Mfupa haukatiki vizuri kama mti. Ili upate ncha na meno, unausugua juu ya jiwe lenye chembe, polepole. Kwa hiyo muda mrefu sana kabla ya chuma, mvuvi wa Semliki alikuwa tayari anachagua jiwe: hili linakula mfupa, lile linateleza tu.

Sasa twende kaskazini, Uele. Wakati wa ukoloni Wazungu walikusanya huko shoka nyingi za jiwe jeusi-jekundu, zimelainishwa hadi zinang'aa. Jiwe lenyewe ni hematiti, na hematiti ni mawe ya chuma, yaleyale ambayo mhunzi anayeyusha ili apate chuma. Katika bonde hilo kuna pia miamba yenye mifereji na mashimo mafupi, iliyochimbika kwa kusuguliwa. Ndiyo mahali pa kunolea pa watu hao. Walidhani kwanza kwamba shoka hizo ni za zamani mno, za watu wasiojua chuma. Baadaye uchimbaji wa Francis Van Noten ulionyesha kwamba ni za wakati ambapo chuma kilikuwa kimeshafika. Mimi jambo hili linanipendeza. Lina maana kwamba mtu aliweza kuwa na jirani mhunzi na bado akakaa siku nyingi juu ya mwamba, na maji na mchanga, akisugua kipande cha mawe ya chuma mpaka kiwe shoka. Kwa nini alifanya hivyo, kwa heshima au kwa mazoea, shoka zenyewe hazisemi.

Chuma kilipoenea, jiwe halikupoteza kazi, liliongezewa. Katika Maziwa Makuu ufundi wa kuyeyusha chuma una zaidi ya miaka 2,000. Kule Katanga, katika makaburi ya Sanga kando ya ziwa Kisale, wachimbaji walikuta wafu wamezikwa na vitu vya chuma na shaba, na masimulizi ya Waluba yanaunganisha ufalme na uhunzi. Uele nako, Mjerumani Georg Schweinfurth alipofika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu mwaka 1870, alishangazwa na visu vilivyopinda kama mundu, kazi safi ya wahunzi wa pale. Vitabu vinamsifu mhunzi, na ni haki yake. Lakini nyundo inatoa umbo tu. Makali ya mwisho yanatoka kwenye jiwe, na jiwe hilo halina jina katika kitabu chochote.

Ni nini basi kinachofanya jiwe moja linoe na jingine lisinoe? Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ugumu, kutoka 1 hadi 10. Ulanga laini ni 1, almasi ni 10. Chuma cha kisu kiko karibu na 5 na nusu au 6 na nusu, kutegemea jinsi kilivyochomwa na kupozwa. Kwatzi ni 7. Tofauti hiyo ndogo ndiyo siri yote: chembe ya kwatzi inaweza kuchuna chuma, na chuma hakiwezi kuichuna. Jiwe la chokaa ni 3 tu, kwa hiyo kisu ndicho kitakachonoa jiwe, siyo jiwe kunoa kisu.

Ugumu peke yake hautoshi. Chembe zinapaswa kuwa za ukubwa mmoja. Chembe moja kubwa katikati ya ndogo inachora mfereji kwenye makali, na kazi ya saa nzima inaharibika. Tena chembe zisishikane sana wala zisiachane upesi. Zikiachana upesi, jiwe linakuwa mchanga mkononi. Zikishikana mno, zile za juu zinachakaa, jiwe linakuwa kioo na kisu kinateleza. Jiwe zuri linatoa chembe zake kidogokidogo, na ule uji wa kijivu unaoonekana juu yake ni chembe zilizotoka pamoja na chuma kilichochunwa. Usiuoshe haraka. Ndio unaofanya kazi.

Hapo tunaelewa shida ya Goma. Mji umejengwa juu ya lava. Nyiragongo imemwaga lava tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 ikipita katikati ya mji, na tena tarehe 22 Mei 2021. Lava ile ilipoa ikiwa na hewa ndani, ndiyo maana mawe yetu yana matundu kama mkate. Makali ya kisu yakipita kwenye tundu, ukingo wa tundu unayakwaruza na kuyavunja. Mtu atasema: nitatafuta lava isiyo na matundu. Ipo. Ila lava ya Nyiragongo ni ya aina isiyo na kwatzi. Madini yake mengi yana ugumu wa 5 na nusu hadi 6, sawa na chuma chenyewe. Utasugua mpaka jioni. Lava inafaa kwa ukuta na uzio, hilo nalikubali, na nyumba nyingi zimesimama kwa sababu yake. Kwa kisu, hapana.

Na mji hauna mto wa kutuokotea mawe mengine. Mvua inanyesha na kuzama moja kwa moja ndani ya nyufa za lava. Mtu aliyetoka kwenye vilima vya Walikale au Lubero, ambako miamba ya kale ina kwatziti na shisti, na ambako mto unayaviringisha mawe na kuyalaza mchangani tayari laini, anafika hapa na kukuta jiwe kila mahali na jiwe la kunolea hakuna. Hiyo ni moja ya hasara ambazo hakuna karatasi ya msaada inayoziandika.

Wengine duniani walikuwa na shida hiyohiyo ya mahali pasipo jiwe zuri, wakaitatua kwa biashara. Norway, kwenye machimbo ya Eidsborg, walichonga mawe ya kunolea yakasafirishwa kwa merikebu kwenda nchi nyingi za Ulaya tangu miaka zaidi ya 1,000 iliyopita. Mrumi Plinius Mzee aliandika juu ya mawe ya kunolea katika kitabu chake kikubwa cha mambo ya asili: mawe ya kisiwa cha Krete yanataka mafuta, mengine yanataka maji, na kuna mengine ya vinyozi yanayofanya kazi kwa mate ya mtu. Wazee wetu wanaotemea jiwe kabla ya kunoa wasicheke peke yao. Plinius huyo, kwa taarifa ya watu wa Goma, alikufa mwaka 79 wakati wa mlipuko wa volkano ya Vesuvio.

Wabelgiji nao walikuwa na lao. Katika milima ya Ardennes, karibu na mji wa Vielsalm, kuna tabaka jembamba la jiwe la rangi ya manjano linaloitwa coticule, jina linalotoka kwenye neno la Kilatini la jiwe la kunolea. Ndani yake mna punje ndogo mno za garneti, ngumu kama kwatzi au kuipita kidogo, za ukubwa karibu sawa. Kwa kuwa tabaka ni jembamba, mafundi waligandisha manjano juu ya jiwe jingine la rangi nyeusi au buluu ili lisivunjike. Liliuzwa mbali sana kwa ajili ya nyembe. Machimbo mengi yalifungwa katika karne ya 20, watu walipoanza kununua nyembe za kutupa na mawe ya kiwandani.

Kabla ya kufika kiwandani, lazima nipite Sheffield, Uingereza, mji wa visu. Huko walinolea kwenye magurudumu makubwa ya jiwe la mchanga, yaliyozungushwa kwa maji na baadaye kwa mvuke. Waliosugua pakavu, hasa wa uma, walivuta vumbi la kwatzi mchana kutwa. Daktari Calvert Holland aliandika juu yao mwaka 1843: mapafu yao yalikauka na wengi walikufa vijana. Nalisema hili kwa ajili ya vijana wetu wanaonoa kwa mashine ya umeme kando ya barabara bila kitambaa puani. Kwatzi inayokula chuma haiogopi mapafu. Kunoa kwa maji kunapunguza vumbi sana, na kufunga kitambaa kinene puani ni afadhali kuliko kukaa wazi.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1891. Mmarekani Edward Acheson, aliyewahi kufanya kazi kwa Edison, alichanganya udongo na makaa akapitisha umeme mkali katikati. Alitamani almasi. Akapata chembe zinazong'aa, ngumu kupita 9 kwenye ngazi ya Mohs, akaziita Carborundum, na mwaka 1893 akapewa hati ya uvumbuzi. Tanuru lilihitaji umeme mwingi, kwa hiyo mwaka 1895 kiwanda kilihamia kwenye maporomoko ya Niagara. Miaka michache baadaye wengine waliyeyusha boksiti kwa umeme na kupata chembe za oksidi ya alumini, nazo ngumu 9. Tangu hapo jiwe la kunolea halikuwa tena zawadi ya mto fulani. Linapondwa, linachujwa kwa ungo, linagandishwa na kuchomwa kama tofali, na kila moja linafanana na jirani yake. Hayo ndiyo mawe tunayoyaona sokoni leo, mepesi, ya mstatili, upande mmoja rangi moja na upande wa pili rangi nyingine.

Huku kwetu, pamoja na panga za viwandani zilizoingia wakati wa ukoloni, iliingia tupa. Upanga una sifa mbaya katika nchi zetu na sitazunguka hilo. Umemwaga damu, na hadi leo kijana anayepita kizuizini akiushika anajitafutia maswali. Lakini kwa mkulima ni mkono wa tatu. Chuma cha upanga ni laini kidogo kwa makusudi, usivunjike ukigonga kisiki, na kwa hiyo tupa inauuma vizuri. Wengi wakaona tupa ndiyo dawa ya kila kitu, wakaacha jiwe. Hapo sikubaliani nao. Tupa inakula chuma kingi kwa mara moja. Upanga unaopigwa tupa kila asubuhi unakuwa mwembamba kabla ya wakati wake. Na kisu cha jikoni kilicho kigumu kinaimaliza tupa yenyewe. Tupa irekebishe makali yaliyovunjika, jiwe lifanye kazi ya kila siku.

Basi ukienda sokoni, fanya hivi. Tazama kwanza kama kuna namba. Namba inatokana na ungo: kadiri matundu ya ungo yalivyo mengi kwenye inchi moja, ndivyo chembe zilivyo ndogo. 120 hadi 240 ni ya upanga, jembe na shoka. 400 ni katikati. 1000 ni ya kisu cha nyama, samaki na mboga. Kama pesa ni ya jiwe moja tu, chukua lenye pande mbili. Mengi hayana namba, au yana namba ya kujisifu. Hapo tumia kidole: sugua pande zote mbili kwa ukucha. Upande wa pili ukikosa tofauti na wa kwanza, unalipia rangi. Ukitoka unga mkononi kabla hata ya kunoa, liache. Ligonge polepole kwa kitu cha chuma; lenye ufa linalia kama kopo bovu. Liweke juu ya kitu kilichonyooka, sahani ya mizani ya muuzaji inatosha, uone kama linayumba. Mwishowe dondoshea maji. Yakizama taratibu, ni sawa, utalilowesha dakika chache kabla ya kazi. Na usilipake mafuta ya kupikia. Yanaganda, yanaziba chembe, na mafuta yenyewe ni ghali.

Asiye na pesa ya jiwe asikate tamaa. Geuza kikombe au sahani ya udongo mweupe, ile ya kauri. Chini kuna duara lisilong'aa, ambalo halikupakwa rangi ya kioo. Ni gumu kuliko kisu na chembe zake ni ndogo. Pitisha kisu hapo mara kumi kila upande, kikiwa kimeinuka kidogo tu, kama unataka kubandua ngozi nyembamba ya jiwe. Haliwezi kufufua kisu kilichokufa, lakini linakitunza. Kwa upanga, wakulima wa Ulaya wa zamani walitumia ubao uliopakwa mafuta ya mnyama na kunyunyiziwa mchanga. Mchanga mweupe wa mto una kwatzi. Ule mweusi wa volkano tumeshauzungumzia. Ngazi ya saruji, ambayo watoto wanaipenda, inatoa makali ya haraka na mabaya, kwa sababu ndani ya saruji kuna mchanga wa kila ukubwa.

Mwezi wa 2 mwaka 2025 kambi nyingi zilizozunguka Goma zilivunjwa, na familia nyingi zikaanza njia ya kurudi. Wengine wamefika, wengine bado wako kwa ndugu. Kwa waliofika na kukuta nyumba haina mabati: lile jiwe la mlangoni bila shaka lipo, kwa kuwa hakuna mwizi aliyelitaka. Litakuwa limefunikwa na udongo na majani. Lioshe kwa maji na brashi ya majani makavu, ondoa ukoga wa kijani. Kama katikati limeingia sana, usinolee ndani ya shimo, maana litaupinda ubapa wa kisu. Tumia ukingo wake ulionyooka, au chukua jiwe jingine la aina ileile, tia mchanga na maji katikati, uyasugue moja juu ya jingine mpaka yote mawili yanyooke. Ni kazi ya mchana mmoja, na watoto wanaweza kusaidia.